Kuliko, Más na Afadhali: Nani Kasema Kiswahili Hakilinganishi?

Kuna dai moja linalozunguka katika insha zetu wanafunzi wa fasihi, na baadhi ya wakati hata katika mijadala ya semina, kwamba Kiswahili ni lugha isiyokuwa na daraja za ulinganishi. Wanaolitoa huonesha kidole kwenye kivumishi. Tazama, wanasema, Mwingereza analo neno la "refu", analo jengine la "refu kuliko", na la tatu la "refu kuliko yote", na yote matatu yamezaliwa na shina moja. Mswahili ana "refu" basi, halafu anahangaika kutafuta viraka. Kutokana na dai hilo huzaliwa jengine zito zaidi: ati mwandishi wa Kiswahili anapotaka kupima vitu viwili, lugha humwangusha, na mfasiri hana budi kujaza "zaidi" kila mstari.

Nia ya makala haya ni kulijibu dai hilo. Lakini sitalijibu kwa kukipambanisha Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu tumeshazoea mpambano huo na mshindi huwa amepangwa kabla ya ngoma kuanza. Nitapita njia ya Kispanyola. Ni lugha ya Ulaya, ina fasihi ambayo hakuna anayeidharau, na katika jambo hili la ulinganishi inafanana na Kiswahili kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Wala si lugha ya mbali na sisi. Kuna vijana wa Unguja na Pemba waliopelekwa Kuba kwa mafunzo mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Mapinduzi ya 1964, wakarudi na ndevu na maneno ya Kispanyola. Madaktari wa Kikuba wametibu wagonjwa katika visiwa hivi kwa miaka mingi. Na mwaka 1965 Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo, majina ya siri ya viongozi wa msafara yalikuwa ya Kiswahili, ya kuhesabu tu: Víctor Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Mkubwa wao wote akajipa namba ya tatu! Hilo nalo ni somo la daraja, lakini tuliache.

Hebu tuanze na sarufi yenyewe. Mspanyola akitaka kusema kuwa kitu kimoja kinakizidi chengine, hakigusi kivumishi. Anakitanguliza kwa neno "más", kisha anaweka "que" mbele ya kile kinachopimiwa. Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka mwezi wa Disemba 2020, ni refu kuliko nyumba ya bibi yangu: "El Beit al Ajaib es más alto que la casa de mi abuela." Neno "alto" limebaki "alto". Likigeuka, hugeuka kwa jinsia na idadi tu: nyumba ni ya kike, kwa hiyo itakuwa "más alta", na zikiwa nyingi "más altas". Hapa Mswahili hana cha kushangaa. Sisi pia hukigeuza kivumishi kwa ngeli (mrefu, ndefu, kirefu, warefu), wala hatukigeuzi kwa kulinganisha. Vitu vikiwa sawa, Mspanyola hutumia "tan" na "como": "Zainabu es tan alta como su madre", Zainabu mrefu kama mama yake. (Msomaji asidanganyike na mlio wa "como" na "kama". La kwao limetoka Kilatini, letu limetoka Kiarabu, na hawa si ndugu. Ndugu wa kweli ni "hasta" yao na "hata" yetu, ambao wote baba yao ni "hatta" ya Kiarabu. Na "alcalde", mkuu wa mji wa Kispanyola, ni kadhi aliyebadilisha kanzu.)

Sasa jambo la kutia maanani ni kwamba haikuwa hivi tangu azali. Kilatini, mama wa Kispanyola, kilikuwa na kivumishi kinachogeuka umbo: "altus" ni refu, "altior" ni refu kuliko. Wasemaji wa kawaida wakaliacha umbo hilo pole pole, wakachukua neno la kando, "magis", lenye maana ya zaidi, wakalitanguliza mbele ya kivumishi. "Magis" ndiyo "más" ya leo. Kwa hiyo Kispanyola kilikuwa nacho kile ambacho Kiswahili kinalaumiwa kwa kukikosa, kikakitupa, na baada ya kukitupa kikaandika Don Quijote, sehemu ya kwanza 1605 na ya pili 1615. Sijapata kumsikia mhakiki akisema Cervantes aliangushwa na lugha yake kwa sababu haina "altior". Kwetu sisi ndiyo iwe ila?

Lakini hadithi tamu iko kwenye mabaki. Lugha inapotupa umbo la zamani huwa haitupi yote. Maneno yanayotumika sana hubakia kama mawe ya ukuta uliobomoka. Kispanyola kimebakiwa na manne: "mejor" (bora kuliko), "peor" (baya kuliko), "mayor" (kubwa kuliko) na "menor" (dogo kuliko). Haya hayataki "más". Anayesema "más mejor" hukosolewa na mwalimu pale pale, ingawa mitaani watu husema. Wala hayabadiliki kwa jinsia: mwanamme ni "mejor" na mwanamke ni "mejor". Hukubali wingi tu, "mejores".

Na sisi je? Sisi tunayo mabaki pia, ila hayakutoka kwa mama yetu wa Kibantu; tumeyapata kwa Mwarabu. Kiarabu kinacho kivumishi kinachogeuka umbo kwa kulinganisha. "Kabir" ni kubwa, "akbar" ni kubwa zaidi, na hilo hakuna mtoto wa Mji Mkongwe asiyelisikia kila siku kutoka misikitini. Kwa mtindo huo huo kuna "afdhal", nasi tukalifanya "afadhali". Kuna "awla", tukalifanya "aula". "Aghlab" likawa "aghalabu", na "aqall", lenye maana ya kidogo zaidi, likawa "akali", ingawa leo tunaposema "akali ya watu" tunamaanisha watu wachache tu na ulinganishi umeshafifia. Kwa hiyo anayesema Kiswahili hakina hata kivumishi kimoja chenye umbo la ulinganishi, aangalie kinywani mwake mwenyewe. Kila anaposema "afadhali" ameshalitamka umbo hilo. Na tazama lilivyo na tabia ile ile ya "mejor": halikubali kiambishi cha ngeli. Hakuna "mafadhali" wala "kiafadhali". Limekuja limekamilika, na tumeliacha hivyo hivyo.

"Heri" nalo lina mambo yake. Katika Kiarabu "khayr" ni neno la ajabu kidogo, kwa sababu hulinganisha bila ya kuchukua lile umbo la "akbar". Lina maana ya jema na pia ya jema kuliko, bila ya kubadilika. Anayeamka alfajiri anamsikia muadhini akiongeza tamko lisilokuwemo katika adhana nyengine, kwamba sala ni bora kuliko usingizi, na neno lililomo humo ni hilo hilo "khayr". Mswahili akalichukua na tabia zake zote mbili. Katika "kwa heri" ni jema tu. Katika "Heri kufa macho kuliko kufa moyo" ni jema kuliko. Mzee aliyetunga methali hii hakuhitaji "zaidi", kwa sababu "heri" ilishabeba mzani ndani yake.

Mspanyola naye katika methali hufanya jambo linalokaribiana sana na hili. Husema "más vale", yaani yathamini zaidi, halafu "que". "Más vale tarde que nunca": heri kuchelewa kuliko kukosa kabisa. "Más vale prevenir que curar": kinga ni bora kuliko tiba. Methali yake inasimama juu ya kitenzi. Na katika mazungumzo ya kila siku, "mejor me voy" ndiyo "bora n'ende zangu" yetu, bila ya kumtaja nani wala kuliko nini. Mtu anayeyasema hayo barazani keshapima mambo mawili, kukaa na kuondoka, lakini moja amelitia mfukoni.

Yapo mambo mawili madogo ya sarufi ambayo ningependa mwanafunzi mwenzangu ayashike. Moja ni la tarakimu. Mspanyola haweki "que" mbele ya idadi, anaweka "de": "más de veinte personas", zaidi ya watu ishirini. Hiyo "de" yao ndiyo "ya" yetu. Sisi nasi hatusemi "walikuja kuliko watu ishirini"; lazima "zaidi ya". La pili ni pale kinachopimiwa kinapokuwa si kitu bali ni fikra au tendo. Hapo Mspanyola huleta "de lo que": "Es más fácil de lo que pensaba." Mswahili husema "ni rahisi kuliko nilivyodhani". Angalia hiyo "-vyo-" iliyojipenyeza ndani ya kitenzi. "Lo que" na "-vyo-" zote ni virejeshi, na lugha zote mbili zimeona kuwa tendo haliwezi kutiwa kwenye mizani mpaka lirejeshewe kwanza. Hakuna aliyemfundisha mwenziwe.

Mpaka hapa nimeonesha kufanana. Mhakiki wa fasihi, hata hivyo, ananufaika zaidi na tofauti, na tofauti kubwa iko katika picha inayochorwa na kila lugha. "Más" ni wingi: Juma ana urefu mwingi. "Kuliko" si wingi, ni mahali. Likate neno uone: "ku-" ya mahali, "-li-" ya kuwa, "-ko" ya mahali tena. Huko aliko. Ukisema "Juma mrefu kuliko Haji" umesema Juma ni mrefu huko aliko Haji. Umewasimamisha vijana wawili pamoja, bega kwa bega, msikilizaji akatazama. Ni tendo la jicho.

Na pembeni ya mahali pana mapambano. Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kulinganisha ambavyo kila kimoja kina roho yake: kupita, kuzidi na kushinda. "Sikio halipiti kichwa" ni ulinganishi uliokamilika, wenye vitu viwili na kipimo, na hauna kivumishi hata kimoja. "Maji yamezidi unga" kadhalika. Mpishi wa kwanza aliyesema hivyo alikuwa anazungumzia sufuria yake, sisi tunalisema kwa kila jambo lililomshinda mwenyewe. Kuzidi ni kwa kipimo na ujazo. Kupita ni kwa safari, mmoja katangulia na mwengine kabaki nyuma. Kushinda ni kwa mashindano, na ndani yake kuna aliyeshindwa. Mtu wa Ng'ambo akisema "mrefu kunshinda mimi" hajasema kitu kile kile na "mrefu kuliko mimi", japokuwa kamusi itawafasiria wote wawili "más alto que yo". Wa kwanza amekubali kushindwa.

Nenda nalo hili kwenye riwaya. Katika vitabu vya Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Bwana Msa na Najum wamewekwa pamoja ili akili ya mmoja ionekane mbele ya mwenziwe. Uhusiano wao wote ni "kuliko" kwa maana ile ya asili: Msa ni mwerevu huko aliko Najum. Bila ya Najum kusimama pale na kushangaa, werevu wa Msa usingekuwa na pa kupimiwa. Anayehesabu mara ngapi neno "zaidi" limetokea katika kitabu hataliona hilo. Na katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978), ulinganishi unaanzia kwenye jalada. Ukishalitaja kasri, msomaji ameshajiuliza nani anaishi nje yake.

Hapa tumefika kwenye jambo ambalo naliona kubwa kupita yote niliyoyasema. Kivumishi cha Kiswahili kinaweza kulinganisha kikiwa kitupu. Waweke Juma na Haji mbele yako, uliza: "Nani mrefu?" Hakuna anayesikia "nani ana sifa ya urefu". Kila mtu anasikia "nani anamzidi mwenziwe". Mspanyola hana njia hiyo, lazima aseme "¿quién es más alto?", la sivyo swali linakuwa jengine. Sisi tunajibu "Juma ndiye mrefu", na hiyo "ndiye" imefanya kazi yote ya "el más". Maana yake ni kuwa ulinganishi katika Kiswahili mara nyingi haumo katika neno, umo katika hali ya wazungumzaji. Hauonekani kwenye karatasi mpaka ujue nani alikuwepo.

Wapenda taarab wanalijua hili bila ya kufundishwa. Katika mipasho hakuna anayetajwa. Mwimbaji anasifu chake, kizuri, kitamu, cha thamani, na sentensi inaishia hapo, haina "kuliko cha fulani". Lakini aliyekusudiwa kakaa safu ya pili na anajua, na jirani yake anajua, na anayetoka kwenda kutunza anajua zaidi. Upande wa pili wa mizani umeachwa mtupu kwa makusudi, ili anayejihisi aukalie mwenyewe. Ukiufasiri wimbo wa namna hiyo kwa Kispanyola na ukatia "más que tú", umekiua kijembe, kimegeuka tusi. Ukiacha kivumishi kitupu, Mspanyola atadhani ni sifa ya kawaida. Mimi ningekiacha kitupu na kuutafuta mpasho mahali pengine, pengine katika kiwakilishi, lakini najua wako watakaopinga.

Tugeuze upande. Anapofasiri kuingia Kiswahili, mfasiri wetu wa leo ana maradhi ya "zaidi". "Nyumba kubwa zaidi", "maisha bora zaidi", "njia rahisi zaidi", hata "mrefu zaidi kuliko", mshumaa juani. Silaumu neno lenyewe, ni neno letu la siku nyingi. Nalaumu uvivu. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa mfano: "Su silencio era más pesado que la lluvia." Mfasiri wa haraka ataandika: "Ukimya wake ulikuwa mzito zaidi kuliko mvua." Inaeleweka, lakini imekauka kama dagaa wa juzi. Mwengine ataandika "Ukimya wake ulishinda mvua kwa uzito", na hapo ukimya na mvua vimeanza kupigana. Mwengine tena: "Mvua ilikuwa nzito, lakini haikuufikia ukimya wake." Sasa mvua imejaribu na imeshindwa njiani. Kispanyola hakikuwa na lolote katika haya, na mfasiri mwaminifu anaweza kulalamika kuwa tumeongeza. Hewallah. Lakini "mzito zaidi kuliko" nayo si uaminifu. Ni kufuata hatua za mwenyeji bila ya kuangalia anakwenda wapi.

Kuna mahali ambapo Kispanyola ndicho kinachotulazimisha tufikiri. "Mkubwa" wa Unguja ana mizigo mitatu: mwili, umri na cheo. "Yeye mkubwa kuliko mimi" inaweza kuwa kaka aliyenitangulia kuzaliwa, inaweza kuwa jitu la miraba minne, inaweza kuwa bosi ofisini. Mspanyola hutenga: kwa umri "mayor", kwa kimo na mwili "más grande", na cheo hutafutiwa neno lake. Mwandishi wetu anapomwita mtu "mkubwa" na kuacha mizigo yote mitatu imebebana, anafanya jambo ambalo kwa Kispanyola litampasa mfasiri achague mmoja na aitupe miwili. Ningependa kuona mtu akiandika insha nzima juu ya neno hilo moja katika riwaya za Zanzibar.

Mwisho nije kwenye "menos", kwa sababu hapa ndipo wanaotulaumu wana nusu ya haki. "Más" inakwenda juu, "menos" inashuka: "menos caro", "menos dulce", "menos triste". Kiswahili hakina neno jepesi la kushuka namna hiyo, na "akali" tumeshaiacha ikafa mikononi mwetu. Sokoni Darajani si taabu, "menos caro" ni "rahisi" na mambo yamekwisha. Kwa utamu utasema "si tamu kama" au "haifikii kwa utamu". Lakini chukua "Hoy está menos triste que ayer." Huwezi kusema "leo ana furaha kuliko jana", maana furaha hana; ana huzuni bado, ila imelegea. "Leo si mwenye huzuni kama jana" iko karibu, ila inasikika kama cheti cha daktari. Niliwauliza wenzangu watatu wa darasani wafasiri sentensi hii kila mtu peke yake. Mmoja alileta "huzuni yake ya leo haifikii ya jana". Wa pili, "leo huzuni imempungua". Wa tatu, mtoto wa Makunduchi, akaandika neno "afadhali" mwanzoni: "Leo afadhali, jana ndiyo alikuwa na huzuni." Huyu wa tatu ndiye ninayemchagua.